Siku Tatu za Kumpumulia

Miaka ile ya soko huria mitumba ilijaa magulioni, na maduka ya dawa ya watu binafsi yakaanza kufunguliwa mjini, lakini hospitalini kwetu Iramba mashine ya kupumulia hatukuwa nayo. Tulikuwa na mfuko wa mpira wa kuminya kwa mkono, basi.

Mchana mmoja aliletwa mama kutoka upande wa Misigiri, ameumwa na nyoka, koboko, akivuna alizeti. Kope zilikuwa zimemwangukia, ulimi mzito, na kabla sijamaliza kumpima akaacha kupumua. Mtaalamu wa dawa za usingizi akampitishia mpira wa hewa kooni, akaunga mfuko, akaniambia, "Minya. Ukichoka, mwingine ashike."

Tukapokezana: sisi wauguzi, mumewe, dada yake. Hakufumbua jicho, hakutikisa kidole.

Siku ya tatu asubuhi tukaanza kumwachisha. Unaacha kuminya, unatazama kifua. Kimya. Tukarudi kuminya haraka. Saa sita tukajaribu tena, tumbo likainuka kidogo, lenyewe. Mumewe akapiga yowe. Tukaendelea hivyo, kila mara tukimwachia muda mrefu zaidi, hadi kesho yake mpira ukatolewa.

Nilimpelekea uji.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama sana. "Marahaba. Wewe ndiye uliyesema mimi nimeshakwenda, mnaminya tu ili ndugu waridhike."

Kikombe kikanitoka mkononi. Ni kweli nilisema, nikiongea na mwenzangu, yeye yuko katikati yetu. Sumu ilimfunga misuli, masikio ikayaacha. Alimsikia hata dada yake akimuuliza mumewe kaburi lichimbwe wapi.

"Nilitaka kupiga kelele," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Hata kope ilinikatalia."

Nikapiga magoti palepale kwenye uji uliomwagika, nikaomba radhi. Yeye akauliza, "Sasa kama nilishakwenda, kwa nini hukuacha?"

Nikamwambia ukweli.

"Nilimwogopa mume wako, mama."

Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, nikamwinua akae. Uji mwingine ulipoletwa nilishindwa kumnywesha. Kikombe nikampa dada yake, mimi nikapiga tena magoti kufuta ule uliomwagika.