Magazini ya Kyalo

Wanza alivuta kifyatulio, bunduki ikanyamaza. Hakuhitaji kutazama ili ajue. Bunduki zile hujipakia zenyewe: ukipiga moja, inatema ganda na kuvuta risasi nyingine kutoka kwenye magazini, kile kisanduku cha chuma kinachochomekwa tumboni mwake. Yake ilikuwa imetafuna tena. Risasi ililala upande, pua juu, bolti, kile chuma kinachoisukuma mtutuni, imeibana katikati.

"Tena?" Inspekta Bramwel aliuliza nyuma yake. "Konstebo, bunduki ni bega. Ukiishika kama unabembeleza mtoto, itakukwamia tu."

"Bega langu halina neno, afande. Risasi ndiyo haipandi."

"Za wenzako zinapanda."

Wenzake waliokuwa wamelala kifudifudi pembeni walicheka kidogo. Wanza aliitoa risasi ile kwa kucha, vumbi la uwanja wa shabaha limemjaa mdomoni. Alikuwa amezoea joto la Mombasa tangu ahamishwe kutoka Kitui, lakini kudharauliwa hakuwa amekuzoea. Jioni aliambiwa ameanguka mtihani wa shabaha. Angerudia mara moja tu. Akishindwa, angeondolewa ulinzi wa gati ya Mbaraki akae ofisini kupokea simu.

Asubuhi alikwenda kwa Sajini Jamaldin, mtunza ghala la silaha kituoni, mtu mzima mzaliwa wa Kibokoni asiyejua kumpandishia mtu sauti.

"Nimeisafisha kwa mkono wangu, mwanangu. Tazama mtutu, wang'aa kama kioo."

"Haikwami mtutuni, Sajini. Inakwama pale risasi inapopanda."

Wakaanza. Walipaka mafuta, wakajaribu kwa risasi za bandia zisizo na baruti. Ikakwama. Walisugua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa brashi, ikakwama. Walibadilisha springi ya nyuma ya bolti, ikapitisha risasi kadhaa vizuri, Wanza akaanza kutabasamu, kisha ikakwama. Ghala halikuwa na dirisha na feni ilikuwa imeharibika. Jasho lilimtiririka machoni. Laiti ingekuwa yake, angeibeba hadi Liwatoni akaitupe majini.

Ngowa, mwenzake wa zamu, alipoirudisha bunduki yake ghalani, Wanza alimwomba magazini yake. Akaichomeka kwenye bunduki yake mwenyewe, akavuta bolti tena na tena. Risasi zilipanda na kutoka zote bila kusita. Kisha akachukua magazini yake, akaichomeka kwenye bunduki ya Ngowa. Ikakwama palepale.

"Si bega," alisema polepole. "Hata bunduki si yenyewe. Ni hii."

Aliifungua mezani. Springi ilikuwa nzima, haina kutu. Midomo ya juu inayoshikilia risasi haikuwa imepanuka. Aliilinganisha na ya Ngowa, sawasawa. Basi akakisukuma kwa penseli kile kibao kidogo kinachoinua risasi. Kilishuka vizuri. Alipokiachia kilipanda hadi katikati, kikasita, kikainama upande mmoja kama kimechoka. Alipapasa ubavuni kwa nje. Chini ya rangi mpya palikuwa na kibonyeo chembamba, kama alama ya dole gumba.

"Aa, hiyo," Jamaldin alisema. "Kyalo naye aliilalamikia."

Wanza aligeuka. Kabla ya Mbaraki, Kyalo alikuwa akilinda naye maghala ya Shimanzi. Alianguka shabaha, wakamcheka kwamba anaogopa mlio, na baadaye akahamishiwa mpakani, mbali na mke na watoto.

"Ulijua, Sajini?"

"Alisema yakwama. Niliisafisha, nikaipaka rangi, nikaijaribu, ikaenda. Nyingine sina. Nimeomba hadi nimechoka. Na kuifuta hii kwenye daftari la mali ni mpaka bodi ya kukagua vifaa ikae, na bodi haikai. Nifanyeje?"

"Na mimi nikiondoka, utampa nani?"

Jamaldin alijifuta shingo kwa kitambaa.

Mwisho wa meza palikuwa na jiriwa, ile ya kubania vyuma. Wanza aliiweka magazini katikati ya meno ya jiriwa, akazungusha mpini kwa nguvu zake zote. Chuma kikalia, kikajikunja, kikalala bapa.

"Wanza! Mali ya serikali hiyo!"

"Basi sasa haingoji bodi."

Alirudia mtihani kwa magazini ya Ngowa, akapita. Inspekta Bramwel alimkabidhi karatasi mbili pamoja: ya kufaulu, na ya kumwita ajieleze kwa kuharibu kifaa cha kazi.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilikwambia, afande. Ukanijibu habari za bega."

Inspekta aligeuka, akaondoka.

Alasiri, ameketi nyuma ya kituo na mashtaka yake mfukoni, Wanza alimpigia Kyalo simu. Alimweleza yote, kibonyeo, kibao, jiriwa. Upande wa pili upepo ulikuwa ukivuma.

"Mimi nilishaamini ni mkono wangu," Kyalo alisema. "Usiku naufanyia mazoezi." Akavuta pumzi. "Sasa watanirudisha?"

Wanza alitoa karatasi ya kujieleza mfukoni, akaikunjua gotini. "Sijui," alisema. "Ila jina lako nitaliandika humu."