Heaika Aliyewasha Pikipiki ya Theluji kwa Meno

Tuwekeane dau: nikimaliza, hakuna hata mmoja wenu atakayeamini. Mtu mzima, ana mke, ana mifugo, ana akili zake, kawasha pikipiki ya theluji kwa meno. Weka chochote. Weka buti zako. Mimi sishindwi dau, labda nikiwa nimelala.

Mtu mwenyewe ni Heaika. Kautokeino nzima, huko kaskazini mwa Norwe wanakofuga kulungu wa theluji, kama kulikuwa na mwenye mikono, ni yeye. Akirusha kamba ya kitanzi katikati ya kundi linalozunguka, kinatua kwenye pembe za kulungu yuleyule aliyemtaka, utadhani kulungu mwenyewe kakiita. Na kisu je? Kiangazi, ndama wakikatwa masikio alama za wenyewe, wengine wanapapasa na kutukana, Heaika kashamaliza na kumpiga ndama kofi la makalio arudi kwa mama yake. Alama ya ukoo wake ni ya mikato midogomidogo, ngumu. Na kwa watu wale, mtu mwingine kukushikia kisu kwenye ndama wako ni sawa na kuogeshwa na shemeji yako hadharani.

Kwa hiyo mikono ndiyo iliyomfanya Heaika awe Heaika. Ukiitoa, unabaki na mdomo. Na mdomo ulikuwa mkubwa.

Mwaka huo alifunga vishikio vya moto kwenye usukani. Unabonyeza kitufe, vinapata joto kama birika la kahawa. Akawa anazunguka navyo kama mwenye mtoto mchanga.

"Gusa, shemeji. Gusa hapo. Usiogope, having'ati."

Shemeji ni Ovllá, kaka wa mkewe, mtu wa maneno machache, lakini kila neno lina mwiba. Ovllá alivaa glavu nene za ngozi ya miguu ya kulungu, zimejazwa nyasi kavu ndani, kazi ya mama yake, Máret. Máret alimshonea mkwewe pia kila mwaka. Safari hii Heaika alizikataa.

"Mama, nakushukuru, lakini usijichoshe. Nyasi zinaliwa, hazivaliwi. Glavu zangu za mwaka jana nimempa mbwa alalie."

Máret akakata uzi kwa meno. "Sawa, mwanangu. Una mdomo wenye moto, utakutosha."

Basi Heaika akaendesha majira yote ya baridi na viglavu vyembamba kama vya karani wa benki. Kwenye vishikio viganja vinatoka jasho, theluji iliyoshika kwenye glavu inayeyuka, glavu inaloa chapachapa. Injini ikinguruma hujui kitu. Raha tupu. Ovllá akipita na glavu zake, Heaika anamlilia kama ng'ombe: "Moo! Shemeji, umekula au bado?" Alifanya hivyo mbele ya watu, mbele ya watoto, hata kanisani mlangoni. Ovllá anatabasamu tu.

Mwezi wa pili, baridi ikashuka digrii arobaini chini ya sifuri. Jike la kengele, lile ambalo kundi zima hulifuata, likatoroka kuelekea kundi la majirani. Likifika huko makundi yanachanganyika, na kuyatenganisha ni kazi ya wiki nzima na ugomvi wa miaka. Wakatoka wawili, Heaika na Ovllá.

Jike la kengele halikamatwi injini ikilia. Unazima, unashuka, unatembea polepole kama mtu aliyepotea. Heaika akazima. Hatua chache tu, glavu zilizoloa zikawa ngumu kama magome ya mti, vidole havikunji. Akazivua, akazitupa, akashika kamba kwa mikono mitupu. Akarusha mara moja. Nimekwambia alikuwa na mikono. Kitanzi kikatua. Ovllá akalifunga jike nyuma ya sleji ya mizigo inayokokotwa na pikipiki yake, na Heaika akarudi kwenye ya kwake akiwa na vidole vyeupe kama mishumaa.

Sasa hapo ndipo mtego ulipo. Vishikio havipati moto bila injini. Injini haiwaki bila kuvuta kamba ya kuwashia. Na kamba haivutwi bila vidole. Mashine ya kukupasha mikono inataka kwanza uipe mikono.

Ovllá alipogeuka akamkuta kapiga magoti, kamba ya kuwashia imo mdomoni, anatikisa kichwa kama mbwa anayegombea mfupa. Akacheka mpaka barafu ikamdondoka kwenye ndevu.

"Unaibusu au unaila, shemeji?"

"Naibembeleza. Inapenda kubembelezwa."

Ovllá akavua glavu zake, zikatoa mvuke. "Chukua hizi. Mimi nina nyingine kwenye sleji."

Heaika alizitazama. Ndani mle kulikuwa na joto, angeweza hata kulinusa. "Nyasi wape ng'ombe. Mimi nina umeme."

"Umeme umezimika."

"Nenda zako. Kabla hujafika nyumbani nitakuwa nimekupita."

Mtu mwingine angemvalisha kwa nguvu. Lakini Ovllá alikuwa ameliliwa moo majira yote. Akavaa glavu zake taratibu, moja, halafu nyingine, akazipigapiga. "Haya, bwana umeme," akasema, akaondoka na jike lake.

Heaika akavuta tena. Akavuta tena. Injini ikawaka, na meno mawili ya mbele yakabaki kwenye kamba. Hapo ndipo ninapowashinda dau.

Akapandisha vishikio mpaka mwisho, akavikumbatia kwa viganja vitupu. Mwanzoni mikono ilimuuma mpaka akalia. Kisha maumivu yakaisha, kimya, kama mtu kafunga mlango. Akafurahi! Akakaza mkono zaidi, akaendesha hadi nyumbani akijiimbia sifa zake mwenyewe na damu kidevuni.

Máret ndiye aliyembandua mikono kutoka kwenye usukani. Ngozi ya viganja ikabaki palepale.

"Huku umeganda, huku umeiva," akasema. "Hata supu sisi hatupiki hivi."

Hospitalini daktari alimwambia baridi peke yake ingemwachia vidole vingi. Ule moto, juu ya nyama isiyosikia kitu, ndio uliomaliza kazi. Mkono wa kulia ukabaki na dole gumba tu. Wa kushoto, usiulize.

Kiangazi kikafika. Heaika akambana ndama wake kwa magoti, Ovllá akatoa kisu. Uwanja wote ukasogea kuangalia.

"Nikate wapi, shemeji?" Alijua vizuri sana.

"Mbele, mara mbili. Chini..."

"Sema kwa nguvu. Bila meno husikiki."

Watu wakaangua kicheko. Heaika naye akacheka, angefanya nini? Kutoka kwenye uzio Máret akapaza sauti kwamba glavu za mkwewe za mwaka huu zimeshakamilika, fupi fupi, na kwa ngozi iliyobaki kajishonea kikoba kizuri. Wakacheka tena, wengine mpaka wakashika uzio.

Ovllá akakata. Alama ikatoka imepinda, kila mtu akaiona. Ndama akakimbia na sikio linalochuruzika damu.

"Hebu niambie kweli," Ovllá akasema, anapangusa kisu kwenye suruali. "Njia nzima ile, mikono inaungua, hukuhisi kitu?"

"Maumivu yalipoisha nilidhani nimepona," Heaika akasema. "Nilikosea."