Siku Nilisema Gari Ndiyo Iape

Mimi hii maneno nilikuwa nimeapa sitawahi kuiongea mpaka niingie kaburi, lakini kwa vile mji mzima wa Isiolo tayari unaijua, na kuna wasee hapo stage ya Merti wakiniona wanaita "Shahidi! Shahidi!" halafu wanaanguka kwa kicheko, wacha niwaambie mwenyewe, angalau mnisikie kutoka kwa mdomo ule ule ulioniletea shida.

Naitwa Mwenda. Mimi ni fundi wa gari, na sijasomea popote, nimejifunza kwa kuharibu za watu kidogo kidogo (natania, lakini si sana). Na niko na rafiki anaitwa Guyo, dereva wa Haji Warsame, yule mzee ako na pikapu nyeupe ya kupeleka unga na mafuta ya kupika mpaka Korbesa na Sericho huko. Mimi na Guyo si marafiki wa salamu tu. Nilipofukuzwa nyumbani (nilimrushia baba maneno, si mnanijua), nililala kwa Guyo mwaka mzima, na hakuwahi kuniuliza nitatoka lini. Kwa hivyo mtu akimgusa Guyo, amenigusa mimi, na mimi nikiguswa sifikirii, natangulia na mdomo, akili inafuata na boda boda.

Sasa, ile pikapu ikafia njia ya Sericho. Gasketi ikaungua, maji ikaingia kwa injini, Guyo akakaa huko siku mbili kwa jua akigawana maji na wachungaji wa ngamia, mpaka lori ikamvuta. Akafika mjini midomo imepasuka, na badala ya pole anapata mji umeshaamua: Guyo ameendesha gari ya mzee kama ambulensi, ameua injini. Mnajua Isiolo. Dereva akiitwa muuaji wa injini mara moja, hakuna mtu atampa hata wilbaro. Hakuna kazi ingine Guyo anajua, na ako na mama na wadogo wake Korbesa wanangoja yeye.

Haji si mtu wa kukurupuka. Akasema Ijumaa baada ya swala wakutane kwa boma yake, wazee watatu wasikize, na Guyo aape. Kwa hao watu wa Haji hivyo ndivyo mambo inaisha: unachukua udhu, Kurani inaletwa imefungwa kwa kitambaa, unaweka mkono, unasema sikufanya. Ukishaapa imeisha, hakuna mtu anairudia tena, hata kwa utani. Na Guyo alikuwa tayari kuapa. Hiyo ndiyo sehemu inaniuma mpaka leo. Ingechukua dakika tatu.

Nikaenda. Hakuna mtu aliniita. Nilipewa chai ya maziwa ya ngamia kama mtu wa nyumbani, na Mama Saida, bibi ya Haji, akaniambia, "Mwenda, zile ndizi ulituletea ilikuwa tamu, mwambie shangazi yako asante." Nikasema nitamwambia. (Hizo ndizi mziweke kando, tutazirudia, kwa bahati mbaya.)

Wazee wakaketi kwa mkeka, madereva wengine wamejaa kwa geti, Guyo ameenda kwa bomba kunawa. Halafu mzee moja mwenye ndevu nyekundu akasema polepole, "Vijana wa siku hizi wanaweza kuapa hata juu ya uwongo."

Maze. Kichwa yangu ikawaka.

"Nani muongo?" nikasimama, chai ikamwagika kwa suruali na sikusikia hata moto. "Guyo ndiye muongo? Guyo? Basi haapi mtu hapa! Gari ndiyo itaapa!"

Haji akaniangalia juu ya miwani. "Fundi, gari itaapa aje?"

Hapo ndipo ningeketi. Mtu ako na akili angeketi. Lakini mimi wiki hiyo nilikuwa nimenunua ile mashine ya kupima gari, tableti kubwa ya mtumba kutoka Nairobi, ile unachomeka chini ya usukani inaongea na kompyuta ya gari, na nilikuwa nimekesha na video nikijifunza, na nilikuwa nakufa kupata watu wa kuonyesha. Nikawaelezea kama mwalimu mkuu. Nikawaambia wazee wangu, hii gari iko na kompyuta, na hiyo kompyuta hailali. Injini ikishika joto kupita kiasi, inaandika. Inaandika kilomita ngapi ilikuwa imetembea, ulikuwa unakimbia ngapi, umekanyaga mafuta mpaka wapi, hata ukisimama na injini inanguruma bure, inahesabu. Haina kabila, haina rafiki, haijui Meru wala Borana!

"Wallahi, hiyo ni kali kuliko bibi," Haji akasema, na wazee wakacheka, hata yule wa ndevu nyekundu.

Guyo akarudi kutoka bomba, mikono inadondosha maji, akanikuta nimeshafungua mlango wa pikapu. Akanishika mkono. "Mwenda. Obolesa. Wacha niape tu, tuende nyumbani."

Akiniita obolesa, ndugu, kawaida nanyamaza. Siku hiyo nilimwambia kwa sauti kila mtu asikie, "Usiogope! Mtu msafi haogopi kompyuta!"

Akaniangalia na macho fulani. Mimi nikafikiria ni woga. Nikamhurumia hata.

Nikachomeka mashine. Na kwa sababu mimi ni mtu wa haki (nilijiona hakimu kabisa), nikasema mimi sitasoma, msije mkasema nimechakachua, mpeni Saida asome. Saida ni msichana wa Haji, amemaliza Form Four juzi, kizungu anatafuna kama njugu. Akashika tableti, akaangalia, akaanza kututafsiria na sauti ya mtu wa habari.

"Joto ya injini imepita kiwango mara mbili: ile ya Sericho, gari ikazimwa hapo hapo, na ingine kabla yake. Hiyo ingine ilikuwa kilomita elfu themanini na nne, mia saba na sitini. Mwendo, mia na kumi na nane. Gari iliendelea kutembea na joto hiyo dakika kumi na tisa."

Madereva kwa geti wakapiga mluzi. Dakika kumi na tisa na taa nyekundu inawaka mbele ya macho yako, hiyo si ajali, hiyo ni kuua na makusudi.

Mzee wa ndevu nyekundu akageukia Guyo. "Umesikia? Gari imeapa."

Na mimi? Ningenyamaza, si ndio? Lakini damu ilikuwa kwa masikio. Nikajua lazima kuna maelezo, Guyo hawezi, huyo ni mtu anapunguza mwendo hata kwa kuku. Nikakumbuka daftari. Guyo ako na daftari ya gari, kila akitoka anaandika kilomita, kila akirudi anaandika, na wapi, na nani ameshika gari. Mwandiko safi kama wa karani.

"Toa daftari!" nikapiga kelele. "Tuone siku hiyo Guyo alikuwa wapi!"

"Daftari sijui iko wapi," Guyo akasema.

Guyo hajui daftari iko wapi! Hapo mtu mjanja angeshtuka. Mimi nikaingia kwa gari, nikaitoa chini ya kiti mahali inakaaga siku zote, nikampelekea Saida mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikamfungulia na ukurasa.

Saida akafuata na kidole. "Jumanne ya wiki jana, imerudi kutoka Merti, elfu themanini na nne, mia sita na kumi. Gari imeachwa..." Akaniangalia. Akaendelea polepole, "Gari imeachwa kwa Mwenda, sevisi. Alhamisi, imechukuliwa kwa Mwenda, elfu themanini na nne, mia nane ishirini na nane."

Haji akahesabu na vidole kwa tasbihi. "Kilomita mia mbili na kumi na nane," akasema. "Fundi, wewe sevisi unafanyianga Marsabit?"

Jameni, wacha niwaambie kitu. Safari ya Rapsu, kwa shangazi, nilikuwa nimeisahau. Si kuficha, kusahau, vile kichwa inasahau kitu inajua ni mbaya. Hiyo Jumatano nilikuwa nimebadilisha oili na kuosha rejeta, nikasema wacha nijaribu gari kidogo, mpaka kizuizi ya polisi tu. Nikafika kizuizi, gari iko tamu, nikafikiria binamu zangu huko Rapsu wanaoniita fundi wa baiskeli. Nikasema hebu wanione mara moja. Nikafika, nikaiegesha mbele ya shamba ya shangazi, nikaacha injini inanguruma ndio muziki isikike na AC isizime. Kurudi, na ndizi za shangazi nyuma, nikaona jua inaenda, nikakanyaga. Taa nyekundu ikawaka. Nikajiambia ni sensa ya joto tu imeharibika, inadanganya. Mimi, fundi! Ni sensa! Mpaka ikanuka ndio nikasimama, nikapata kifuniko cha rejeta sikuwa nimekaza. Nikaongeza maji, ikatulia, nikafika mjini, na kwa mashine yangu ndogo ya zamani nikafuta ile taa. Nikajua nimefuta kila kitu. Kumbe nilifuta taa tu, kumbukumbu iko ndani inaningoja, na gasketi niliyoanza kuiunguza ikaenda kumalizikia Guyo njia ya Sericho.

Na Saida alikuwa bado anasoma, hakuna mtu alikuwa amemwambia asimame. "Halafu elfu themanini na nne, mia saba kumi na nane, gari imesimama, injini inanguruma, dakika hamsini na mbili."

"Hiyo ni kuonyesha watu," dereva moja akasema kwa geti, na wote wakakufa na kicheko.

Mama Saida alikuwa amesimama kwa mlango na birika. Akaiweka chini pole pole. "Mwenda," akasema, "kwa hivyo zile ndizi ulileta Alhamisi ile zilikuja na gari yetu?"

Wazee watu wazima walicheka mpaka mmoja akashika mti. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Isiolo imekauka, haifunguki hivyo hivyo.

Nikamgeukia Guyo. Na nikaona hashangai. Hata kidogo. Ndio nikaelewa: mtu anaandika kila kilomita, si aliona hiyo mia mbili na kumi na nane siku ile ile ya Alhamisi? Alijua. Alikaa siku mbili njia ya Sericho na midomo inapasuka akijua. Na alikuwa anaenda kuapa "sikufanya", ambayo ni ukweli, na asiseme ni nani.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilikuambia wacha," akasema. "Wewe huachangi."

Haji akafunga daftari. Akasema Guyo kazi yake iko pale pale, na mtu yeyote mjini akisema lingine aje amuulize yeye. Halafu akaniambia mimi injini nitaishusha na mikono yangu, nitaitengeneza mpaka iimbe, na nikimaliza nilete ndizi zingine, na nizilete na miguu. Yule wa ndevu nyekundu akasimama, akaenda akamshika Guyo mkono, akamwomba msamaha mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa chini ya gari saa hiyo. Sikuwa natengeneza kitu. Nilikuwa tu chini ya gari.

Pikapu sasa inatembea. Guyo bado ananiletea sevisi, msifikirie aliniacha. Anaandika kilomita, anageuza daftari, ananyoosha kidole mahali pa kuweka sahihi, na mimi naweka. Nikitaka kujaribu gari, namwita aketi kando yangu. Na nimeapa, hii nimeapa kwa mdomo wangu si kwa kompyuta, sitawahi tena kumtetea mtu kabla sijamuuliza kama anataka.

Wiki iliyopita shangazi alipiga simu, anasema ndizi zimeiva, nikuje. Guyo alikuwa hapo, akasikia. Akafungua mlango wa abiria, akapigapiga kiti.

"Twende," akasema. "Lakini kifuniko ya rejeta nakaza mimi."