Kidevu Kilichofungwa Mapema

Mwaka wa hamsini na saba, mafua makali yalipoingia Mwanza, darasa la wauguzi lilifungwa na wanafunzi wakamwagwa wodini kana kwamba wamekwisha kuhitimu. Mwaija, binti wa Mzee Mbaruku fundi cherehani, alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuvaa gauni la uuguzi, na baba yake ndiye aliyelishona. Masomo yalikatika kabla hajafundishwa jinsi ya kuthibitisha kifo.

Wagonjwa walilala hadi sakafuni, wakitapika, wakipigana kugombea maji. Mzee Ngosha wa Buswelu, aliyeletwa na mwanawe Chenge kwa baiskeli, alikohoa damu, kisha akanyamaza macho wazi. Mwaija alimwita, hakuitika. Basi akafanya alichofunzwa nyumbani kwao, ambako maiti haiachwi kinywa wazi: akamfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa na kukikaza utosini.

Chenge alirudi na kopo la maji akamkuta baba yake anafurukuta, pua imeziba kwa damu, midomo imekuwa ya buluu. Akakirarua kile kitambaa. Mzee akavuta pumzi kwa mkoromo. Chenge alimgeukia msichana. Alimkaba Mwaija shingo, akambamiza kwenye chuma cha kitanda, akambamiza tena, hadi mkono wa kulia wa msichana ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Wanaume watatu ndio waliomtoa mikononi mwake.

Mjini habari zilifika nusu: mshamba mmoja kampiga binti wa Mbaruku bila sababu. Kaka yake, Yunus, akatoka mbio na nondo, baba yake akimfuata nyuma. Alimkuta Chenge uani mwa hospitali, akampiga ya bega, ya mbavu, ya jicho. Chenge akaanguka akitema meno. Sista mkuu alikwisha kuita polisi, naye aliwaambia watu kwamba mkulima huyo hana budi kufungwa. Mwaija, mkono umefungwa vibao, alitoka uani akijua kuwa akinyamaza tu atabaki na gauni lake, na jina la baba yake halitaguswa.

"Kaka Yunus, acha. Nilimfunga baba yake kidevu akiwa hai."

"Nyamaza, Mwaija. Watu wanasikia."

"Wasikie. Mimi ndiye niliyekosa."

Mzee Mbaruku alimnyang'anya mwanawe nondo. Akamwinua Chenge kwa mikono yake, kanzu ikalowa damu, akamwomba radhi mbele ya umati kwa niaba ya nyumba yake. Hakuna aliyethubutu kucheka. Askari walipofika, Chenge hakumshtaki mtu, wala hakushtakiwa.

Sista alitaka kumfukuza Mwaija, ila wanafunzi wenzake wengi nao walikuwa hoi kwa homa. Akamwambia kuwa Mzee Ngosha ni wake mpaka apone au afe. Somo lililokatika akamfundisha palepale kando ya kitanda: mshipa wa shingo, kifua, mboni ya jicho. Chenge aliketi upande wa pili, jicho moja limeziba, akivitazama vidole vya msichana.

Mzee alipotulia kweli, Mwaija alimpima shingoni kwa mkono wa kushoto, akamsikiliza kifua, akainua uso ili aseme.

"Pima tena," akasema Chenge.

Akapima.

"Tena."

Akapima tena, bila haraka, hadi Chenge mwenyewe alipoinama na kumfumba baba yake macho.