Skrubu Nne Juu ya Prosesa

Kompyuta niliyoiunga kwa mikono yangu mwenyewe ilianza kuzimika wiki ya pili. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshajisifia mtaa mzima.

Baba ana gereji katika mtaa wa Bwiza. Mwaka huo mafuta yalikuwa adimu na magari mengi yamelala majumbani kwa wenyewe, kwa hiyo nikamwomba chumba cha mbele, kile cha kuwekea matairi, nifungue mahali pa kuchapa na kutoa fotokopi. Akanipa. Vifaa nilivinunua kimoja kimoja, vingine vipya, vingine vya mtumba. Kilichobaki mwisho kilikuwa kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, sisi tunakiita alimantasiyo. Hiyo aliniletea kaka yangu, na hakutaka hata asante.

Lazima niseme kaka yangu alikuwa katika hali gani. Yeye ni fundi umeme wa magari, mkubwa wangu kwa miaka sita. Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo mteja mmoja alikuja akidai kwamba alternata ya gari lake, ile inayochaji betri, imebadilishwa gerejini kwetu, ameondolewa nzima akawekewa kuukuu. Hakuna aliyemwona kaka akifanya hivyo, wala kitu hakikupatikana. Baba hakungoja ushahidi, alimfukuza. Mwaka mzima kaka alihangaika na vibarua, ana mke na watoto watatu. Siku ya Idi akaja kumpa baba mkono, na baba akamrudisha kazini kwa sharti alilolitamka mbele yetu wote, pilau ikiwa katikati.

"Nimekurudisha," alisema. "Lakini nikisikia tena mutu mumoja tu anakulalamikia, usikanyage hapa."

Basi kila mtu nyumbani alijua kwamba kaka amebakiwa na nafasi moja. Mimi pia nilijua.

Baba ametulea na sheria yake: kinachokazwa kikazwe mpaka ufunguo wa nati ulie. Gurudumu ambalo halikulia halitoki gerejini kwake. Mimi sikuwa fundi magari, lakini sheria hiyo iliniingia tangu utotoni, na kompyuta yangu niliikaza vivyo hivyo, hasa zile skrubu nne zinazobana kipoza joto juu ya prosesa. Baba alipita, akajaribu moja kwa kidole chake kinene, akaniambia nimefanya kazi ya mwanamume. Nilivimba kichwa siku nzima.

Kisha ikaanza. Ikiwaka asubuhi inafanya kazi vizuri, lakini ikishapata moto, nusu saa au zaidi kidogo, skrini inakuwa bluu au kila kitu kinaganda. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuwa ananisomea kazi yake ya kumalizia masomo, mimi nachapa. Tulipoteza kurasa kumi na moja mbele ya macho yake. Hakugomba. Alikusanya karatasi zake akavuka barabara kwa mwenzangu mwenye mashine kama mimi, nami nikamtazama mpaka akaketi.

Nilifanya nilichojua. Nilifuta programu zote nikazipakia upya. Nilichomoa vijiti vya kumbukumbu nikavijaribu kimoja kimoja, na kipimo kilionyesha makosa leo, kesho yake hakuna. Niliazima kijiti kingine, makosa yakarudi. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza: kama vijiti vyote ni vibovu, je, ubovu uko kwenye vijiti au mahali vinapochomekwa? Sikujiuliza. Alimantasiyo ndiyo kitu pekee ambacho sikukipima, kwa sababu niliona hakuna haja ya kuipima. Ilitoka kwa kaka yangu, na kaka yangu alikuwa na doa tayari. Leo nikikumbuka nilivyofikiri, najichukia.

Siku kompyuta ilipozimika mara ya tatu kabla ya adhuhuri, nilitoka nje. Baba na kaka walikuwa wameinamia injini ya teksi moja.

"Kaka, hii alimantasiyo uliniletea uliiokota wapi?"

Baba aliinua kichwa. Kaka alinitazama kwanza, ndipo akajibu.

"Sikuokota. Iko muzima, mi niliipima siku tatu mbele ya kukupa."

"Sasa kwa nini inazimika?"

"Sijui. Lakini si alimantasiyo. Fungua, tuangalie pamoja."

Alitaka dakika kumi tu. Ningempa hizo dakika, tungeona. Badala yake nikasema, "Hata yule wa alternata ulimwambia vile vile."

Baba aliweka ufunguo juu ya betri. Hakupandisha sauti. "Umesikia mwenyewe. Ni mudogo wako, si mutu wa inje. Enda."

Kaka alifuta mikono, akachukua mita yake ya kupimia umeme, akaondoka bila kumwangalia baba. Aliniangalia mimi.

Nilinunua alimantasiyo mpya kabisa, bado imo ndani ya boksi lake. Siku mbili kompyuta ilitulia, nami nikatembea kifua mbele. Siku ya tatu skrini ikawa bluu. Nilikaa pale nimeduwaa, kwa maana nilielewa papo hapo nilichokifanya.

Ndipo nikafungua kila kitu. Nilitoa ule ubao mkubwa unaobeba prosesa na vijiti, nikauweka mezani, nikalaza rula mgongoni mwake. Ubao ulikuwa umepinda. Katikati ulikuwa umevutwa na zile skrubu nne, na ukipata joto vijiti vya kumbukumbu vinapoteza mshiko. Nyani haoni kundule. Nililegeza skrubu, nikazirudisha kidogo kidogo kwa kupishanisha pembe, nikaacha pale vidole vilipokataa. Ikafanya kazi wiki nzima bila kukohoa. Nikairudishia hata ile alimantasiyo ya kaka, na ndiyo iliyomo mpaka leo.

Ijumaa nilikwenda Gasenyi, ambako kaka alikuwa amepata kibaraza cha mtu, anatengeneza redio na betri za pikipiki. Nilimweleza yote nimesimama. Aliendelea kulehemu mpaka akamaliza waya aliokuwa nao.

"Baba anajua?" akaniuliza.

"Bado. Kaka, nisamehe."

"Kusamehe nimesamehe. Lakini pole yako hainirudishe kazini. Mwambie baba vile umeniambia mi. Maneno hayo hayo."

"Nitamwambia leo."

"Sawa," akasema, akavuta redio nyingine.

Njiani niliyapanga maneno. Nilifika nyumbani baba ametoka msikitini, chakula kimeshaandaliwa. Nilinawa, nikaketi mkabala naye.

"Ile mashine yako bado inazimika?" akaniuliza.

"Apana. Imepona."

"Unaona?" Alikuwa na furaha, na baba kuwa na furaha ni jambo la nadra. "Tangu ule mutu aondoke, kila kitu inatembea. Mi nilikuwa ninajua. We ndiye mutoto mwenye nitaachia hii gereji."

Maneno yalikuwa mdomoni. Nilihitaji tu kuufungua. Nikamwangalia baba akinisogezea kipande kikubwa cha samaki, kile ambacho siku zote alimwekea kaka, nami nikakipokea nikala.

Gasenyi sijakanyaga tena, kwa kuwa najua kaka ataniuliza nini.