Kikanyagio cha Kushoto

Tata Ilunga, dereva mstaafu wa treni hapa Kolwezi, alinunua mfano wa garimoshi la mvuke, mrefu kama benchi, akaubadili ufanane na lile aliloliendesha zamani. Aliniachia kazi ya rangi tu. Lakini mimi, mhandisi mpya ninayepima hata sukari ya chai, niliona kikanyagio cha kushoto, cha kupandia chumba cha dereva, kimeshuka kuliko cha kulia. Nikakikata, nikakichomelea juu, vikawa sawasawa.

Jumapili akamleta Mama Kapinga, mjane wa mchochea moto wake. Mama akainama, akapapasa upande wa kushoto.

“Tata, kikanyagio ya bwana yangu iko wapi? Ile mulishusha sababu ya mguu yake mufupi?”

“Iko hapo, mama. Niliiweka mi mwenyewe.”

Kisha wote wawili wakanigeukia. Futi ya kupimia ilikuwa ikichungulia mfukoni mwangu.