Mwanamke wa Bungoma Aliyesafisha Kamera Yetu

Katikati ya ile miaka ya elfu mbili, filamu zilipoanza kuadimika madukani, mume wangu alinunua kamera ya dijitali iliyokwisha kutumika. Tulikuwa na studio ndogo mjini Kitale. Yeye alipiga picha, mimi nilikaa kwenye kompyuta nikizitengeneza kabla ya kuchapishwa. Kamera sikuigusa. Hakuna aliyenikataza, ilikuwa tu hivyo.

Kiangazi cha kwanza vumbi likaingia. Alikuwa amebadilisha lenzi nje, kwenye sherehe ya mahari kule Kiminini, upepo ukitoka kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Tangu hapo kila picha ilikuwa na madoa meusi, mahali palepale. Kwenye nguo za watu hayakuonekana sana, lakini penye anga au ukuta mweupe yalijitokeza. Mama mmoja aliyekuja kuchukua picha za harusi ya bintiye alizitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Ati hizi ni nzi ama ni ndege?"

Kuyafuta ikawa kazi yangu. Jioni niliketi kwenye kompyuta nikiondoa doa baada ya doa, na mume wangu akivuta kiti kando yangu, akinionyesha niliyoyaruka. Chai ilipoa tukiwa tumeinamia kioo kimoja. Nilizipenda jioni hizo kuliko nilivyowahi kumwambia.

Kisha akarudi kutoka Bungoma na picha zisizo na doa hata moja.

"Nimepata mtu," alisema. "Ana studio pale mjini. Anajua kusafisha sensa."

Sensa niliyoijua mimi ilikuwa ya kuhesabu watu. Akanieleza kwamba ni kile kibamba kidogo kilicho ndani kabisa ya kamera, mahali ambapo zamani filamu ingekaa. Vumbi likitua pale, linaonekana katika kila picha. Kuipeleka Nairobi kwa mafundi hatungeweza. Huyu wa Bungoma alimsaidia bure, kama mwenzake wa kazi.

"Ni mzee?" nikauliza.

"Nani?"

"Si huyo mtu wako."

"Ni mwanamke," alisema, akivua viatu. "Wa rika lako hivi."

Baada ya hapo kila vumbi lilipoingia alikwenda Bungoma, na vumbi la Kitale halikosi. Alirudi amechangamka. Mwanamke yule alisema lenzi ibadilishwe kamera ikitazama chini. Mwanamke yule alisema picha za kanisani zisipigwe na flashi kila mara. Nilimsikiliza nikimpakulia chakula, na sikukumbuka siku ambayo alisimulia neno langu lolote kwa mtu yeyote.

Siku moja nilipokuwa nikihamisha picha kwenye kompyuta nikakuta picha kadhaa za ukuta mtupu, mweupe. Katika moja, pembeni, kulikuwa na mkono wa mwanamke, wenye bangili ya shanga na kucha zilizopakwa rangi nyekundu. Iliyofuata ilimwonyesha mwenyewe, imetoka na ukungu, akicheka na kujikinga uso. Nilitazama ule mkono kwa muda mrefu. Kisha nikatazama wangu, ulivyokuwa na masizi ya jiko.

Sikumwuliza. Nilimwambia tu kwamba safari ijayo nitaipeleka kamera mimi, kwa kuwa yeye alitakiwa kwao kulima. Alisita kidogo, akaifunga vizuri kwenye mkoba na kunielekeza studio ilipo.

Nilivaa gauni langu la kanisani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yule mwanamke alinitangulia, kwa lafudhi ya kwao. "Wewe ni mama wa Kitare? Karibu, karibu ndani. Bwana yako anaongeanga juu yako sana. Ati hakuna mtu anatengeneza picha kwa kompyuta kama wewe."

Nikamkabidhi mkoba wa kamera. Alikuwa mzuri, hilo siwezi kulikana, na alikuwa na sauti ya mtu anayependa kazi yake.

"Nionyeshe unavyofanya," nilisema.

Tukaingia chumba cha nyuma, sakafu ikiwa mbichi, imetoka kupigwa deki. Alisema maji hulaza vumbi. Alifunga dirisha, akaangalia kama betri imejaa, maana ikizimika katikati pazia la ndani linaweza kujifunga na kuharibika. Akatoa lenzi, akachagua kwenye menyu mahali pa kusafisha, kioo cha ndani kikainuka. Akaishika kamera mdomo ukitazama chini, ili vumbi likianguka lianguke nje. Kisha akatoa kampira kapya ka kunyonya kamasi za mtoto, kale ka kununuliwa duka la dawa.

"Hako?" niliuliza.

"Hako tu. Lakini kwanza unakaminya nje mara nyingi, poda ya ndani iishe. Na usipurize na mdomo, mate itaruka. Usiguse na pamba ama leso. Hewa ya mkebe pia hapana, inatema maji. Vumbi ikikataa kutoka na hewa, unaacha, unatafuta dawa ya sensa na kijiti chake."

Aliminya, ncha ikiwa nje kidogo ya mdomo wa kamera, bila kuigusisha popote. Akazima kamera, akarudisha lenzi, akalifinya tundu lake la kupitishia mwanga hadi dogo kabisa na kupiga picha ya ukuta. Tukainamia kile kioo kidogo cha nyuma pamoja. Lilibaki doa moja, juu kushoto.

"Kwa sensa picha iko juu chini," alisema. "Hilo doa liko chini. Sasa jaribu wewe."

Nikaminya mara tatu, doa likatoka.

Nyumbani nilimwonyesha mume wangu kampira kangu kapya ka duka la dawa, na picha ya ukuta mweupe. Alifurahi sana, na furaha yake ikaniudhi.

"Mbona hukuwahi kunieleza mambo haya?"

"Hukuuliza."

"Yeye aliuliza?"

Akafikiri. "Yeye huuliza kila kitu. Wewe nilidhani unapenda kompyuta."

Sikulala vizuri kwa jibu hilo. Kama angeniambia anampenda ningejua pa kuanzia. Lakini kumwonea wivu mtu kwa maswali aliyouliza, utaanzia wapi?

Nikaanza kuuliza. Mwanzoni kwa ukaidi, baadaye kwa sababu nilitaka kujua. Alinifundisha mwanga, kisha akaniachia kamera kwenye harusi, akasimama nyuma akinibebea mkoba. Bungoma hakuwa na haja ya kwenda tena, ingawa wakati mwingine aliniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya mvua, kama nimesikia habari za yule mama wa studio. Kila mara nilimjibu kwa kifupi na kurudi kwenye kompyuta.

Mwaka uliofuata mwanamke yule alinipigia simu. Alikuwa na harusi kubwa ya kupiga picha kule Myanga, alitaka mpiga picha wa pili, na alinitaka mimi. Mume wangu akauliza nani mwingine atakuwepo, na kwa nini yeye hakuitwa.

"Sijui," nilimwambia. "Muulize."

Hakumwuliza. Nilikwenda, nikafanya kazi kutwa kando ya ile mikono yenye kucha nyekundu, na tukafanya vizuri. Niliporudi jioni tulikula sote wawili, tukazungumza habari za mahindi na watoto wa dada yake, na hakuna aliyemtaja mwanamke wa Bungoma.